Timu Tatu, Mbuzi Mmoja

Tarehe 27 Desemba, saa kumi na moja na robo jioni, mpira wetu ulichukuliwa mbele ya macho yangu. Nahodha wa timu ya mtoni aliuokota katikati ya uwanja, akaubana kwapani, akaruka mtaro, akateremka nao kwenda kwao bila haraka yoyote. Refa alimtazama. Liguru, mzee wetu wa kijiji, alimtazama. Mimi nilikuwa nimesimama pale na daftari mkononi, na watu wote kando ya uwanja walikuwa wakinitazama mimi.

Kwa msomaji mgeni: nina duka la agrovet mjini Kakamega, upande wa Amalemba, na kwetu nyumbani ni ndani kidogo ukitoka Khayega. Kila Desemba, watu wakisharudi kutoka Nairobi na Mombasa, huwa tunaandaa shindano dogo la mpira kwenye kiwanja cha shule ya msingi. Timu nane, makundi mawili, ada ya kushiriki shilingi 1,500, na mshindi anaondoka na mbuzi. Mimi ni katibu kwa mwaka wa sita sasa. Cheo hiki sikukiomba, nilipewa kwa sababu mwandiko wangu unasomeka.

Kundi B mwaka huu lilikuwa na timu ya sokoni, timu ya bodaboda, vijana wa mtoni, na walimu. Kiongozi wa kundi anaingia fainali moja kwa moja. Sasa sikiliza balaa lilivyokuja. Sokoni waliwafunga bodaboda 2-0. Bodaboda wakawafunga mtoni 1-0. Mtoni wakawafunga sokoni 1-0. Na kila mmoja akampitia mwalimu: sokoni 3-0, mtoni 2-0, bodaboda 9-0. Timu tatu, pointi sita kila moja, nafasi ya fainali moja.

Daftari langu lilikuwa na sentensi moja tu kuhusu jambo hilo, niliyoiandika mwenyewe miaka sita iliyopita nikiwa na njaa: "Timu zikilingana pointi, tutaangalia mabao." Nikaisoma kwa sauti. Bodaboda wakaanza kupiga honi.

Sasa hiyo 9-0. Mpaka mapumziko ilikuwa 1-0. Kipindi cha pili kipa wa walimu akaitwa kwa simu kwamba mama mkwe wake ameshuka stendi ya Khayega na mizigo mitatu, akavua glavu akaenda, kama ambavyo mimi na wewe tungeenda. Aliyeingia langoni ni mwalimu wa dini, mtu mwema sana, ambaye hajawahi kudaka hata embe. Mabao manane katika dakika thelathini. Kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa na habari kwamba walimu walibebwa bure na pikipiki wiki nzima. Hakuna aliyeleta ushahidi wowote, na wala haukuhitajika.

Bodaboda walichukua mbuzi kwenye fainali. Nahodha wa sokoni ni mtoto wa mjomba wangu, binamu niliyelala naye kitanda kimoja utotoni. Siku ya mwaka mpya nilialikwa kwa mjomba kama kawaida. Kuku alichinjwa, firigisi ikapelekwa kwa mtu mwingine mbele ya macho yangu. Msomaji wa kwetu ataelewa uzito wa jambo hilo. Msomaji wa mbali aelewe tu kwamba nilikuwa nimehukumiwa.

Hayo yote yangebaki kwenye daftari kama si dada yangu.

Dada yangu anayenifuata anaishi Brooklyn Park, Minnesota, anafanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee. Wakenya wamejaa kule, hasa ndugu zetu wa Kisii, hata hulalamika kwamba akienda dukani husikia Ekegusii kabla ya Kiingereza. Baridi ya kule ilimshinda mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili akapata namna ya kuivumilia, nayo ni kuwashabikia Vikings, timu ya mpira wa Kimarekani ya jimbo lao. Ugonjwa ule akaniambukiza kwa WhatsApp.

Nilianza kwa usiku mmoja. Januari 2022, usiku wa kuamkia Jumatatu, aliniandikia: "Kaka, usilale. Leo hawa wakitoka sare, wote wawili wanapita." Nikamuuliza akina nani. Akasema Raiders na Chargers, mechi ya mwisho kabisa ya msimu wa kawaida. Kwa saa za kwetu ilianza saa kumi na dakika ishirini alfajiri. Sikujua sheria hata moja. Kitu kimoja tu nilikijua, nacho kilinitosha: kuna timu ya tatu, Steelers, iliyokuwa imekaa nyumbani inaomba Mungu sare isitokee, maana sare ingeitupa nje.

Mtu yeyote wa bara hili aliyesimuliwa na baba yake kisa cha Algeria mwaka 1982 anajua mwisho wa hadithi ya namna hiyo. Algeria waliwafunga Ujerumani Magharibi 2-1, halafu Ujerumani na Austria wakacheza mechi ya mwisho wakijua kwamba bao moja la Ujerumani linawavusha wote wawili. Likaingia mapema, wakaanza kupigiana pasi za kupunga upepo. Kwa hiyo nilikaa kitandani nikisubiri Raiders na Chargers wafanye vilevile.

Hawakufanya. Chargers walikuwa nyuma kwa pointi 15 katika robo ya mwisho, wakarudi. Justin Herbert, kwotabeki wao, yaani mrusha mpira mkuu, akarusha mpira wa tachidauni, yaani wa kudakwa kwenye eneo la mwisho la wapinzani, katika mchezo wa mwisho kabisa wa muda wa kawaida, ikawa 29-29. Muda wa nyongeza kila timu ikapata mkwaju wa pointi tatu, 32-32. Sekunde zikawa zinaisha, Raiders wana mpira, sare iko mezani imeshapakuliwa. Kocha wa Chargers akasimamisha saa zikiwa zimebaki sekunde 38. Mpaka leo watu wanagombana kuhusu uamuzi ule. Raiders wakasogea mbele, mpigaji wao Daniel Carlson akaupitisha mpira kati ya milingoti kutoka yadi 47 saa ikigonga sifuri. 35-32. Raiders ndani, Steelers ndani, Chargers nje. Nilipoinua macho jua lilikuwa limechomoza na ng'ombe wa jirani yangu alikuwa kwenye sukuma yangu.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa Desemba na Januari. Mechi za Septemba hazinishughulishi. Nangoja wiki nne za mwisho, pale timu tano au sita zinapokuwa sako kwa bako na kila mtu ana kalamu. Sisi Wakenya tunalijua zoezi hili, Harambee Stars wametufundisha: fulani akipoteza, fulani atoke sare, sisi tushinde kwa mabao matatu. Tofauti ni kwamba kule Marekani kalamu inaandika vizuri zaidi.

Mfumo wenyewe kwa kifupi. Ligi, NFL, ina timu 32, zimegawanywa nusu mbili za timu 16: AFC na NFC. (Mara ya kwanza dada alipotaja AFC nilimjibu kuhusu Ingwe, AFC Leopards wetu, tukaongea dakika nzima kila mtu na yake.) Kila nusu ina makundi manne ya timu nne. Msimu ni mechi 17 tangu mwaka 2021. Kutoka kila nusu timu saba zinaingia mtoano: viongozi wanne wa makundi, na nyingine tatu zenye rekodi nzuri kuliko zilizobaki, ambazo wanaziita waildikadi. Timu namba moja peke yake inapumzika raundi ya kwanza. Hakuna pointi tatu za ushindi kama kwetu, wanahesabu ushindi na vipigo, na sare, ambayo ni adimu, inahesabiwa nusu ushindi na nusu kipigo.

Sasa fikiria. Timu 32, mechi 17. Timu inacheza na wenzake wa kundi mara mbili mbili, hizo ni mechi sita, na zile 11 zilizobaki inapangiwa. Kuna wapinzani wengi ambao haitakutana nao kabisa. Mwisho wa msimu timu tatu zina rekodi ya 10-7, yaani ushindi 10 na vipigo 7, na hakuna hata mbili zilizopita njia moja. Utazitenganishaje?

Wana ngazi, na wanashuka kidato kwa kidato. Kama ni timu za kundi moja, kwanza wanauliza: mlipokutana, nani alimshinda nani? Wakilingana hapo, nani ana rekodi nzuri ndani ya kundi? Halafu wapinzani wa pamoja, yaani mechi dhidi ya timu ambazo wote walicheza nazo. Halafu rekodi ndani ya nusu yao. Kama timu ni za makundi tofauti, vidato vinabadilishana nafasi kidogo, rekodi ya nusu inatangulia wapinzani wa pamoja. Chini ya hapo kuna vidato viwili nitavieleza. Mambo ya pointi ulizofunga na kufungwa yanakuja baadaye kabisa, karibu na sakafu, na sakafuni kwenyewe kuna shilingi ya kurushwa.

Tuchukue Patriots wa mwaka 2008. Walishinda 11 wakapoteza 5, bila Tom Brady, aliyeumia mechi ya kwanza. Dolphins wa kundi lao nao 11-5. Wakashushwa kwenye ngazi mpaka kidato cha rekodi ndani ya AFC: Dolphins 8-4, Patriots 7-5. Patriots wakabaki nyumbani na ushindi wao 11, huku Chargers wakiingia kwa 8-8 kwa sababu kundi lao lilikuwa dhaifu.

Kidato ninachokipenda kuliko vyote wanakiita nguvu ya ushindi. Mtu wa Khayega hahitaji kufafanuliwa sana. Kwetu mafahali hupigana. Wanaletwa alfajiri, umande bado haujakauka, ngoma za isukuti zinalia, fahali amepakwa tope mabegani na mwenyewe anatembea ubavuni mwake kama bwana harusi. Sasa mleta fahali akijigamba kwamba wake ameshinda mara kumi, wazee hawashangilii. Wanauliza swali moja: amewashinda akina nani? Kumi za ndama ni hadithi ya watoto. Tatu dhidi ya mafahali wanaojulikana kuanzia Shinyalu mpaka Malinya, hapo mzee anasogeza kiti.

Nguvu ya ushindi ndiyo hiyo hiyo kwa tarakimu. Wanachukua timu zote ulizozishinda, wanajumlisha rekodi zao. Uliwashinda wanaoshinda, unapanda. Uliwashinda wanyonge, unashuka. Kidato kinachofuata, ugumu wa ratiba, ni hesabu hiyo hiyo lakini kwa wapinzani wako wote, walioshindwa na walioshinda.

Msimu wa 2010 nguvu ya ushindi ilifanya kazi ya kihistoria. Packers, Giants na Buccaneers wote walimaliza 10-6, na katika NFC imebaki nafasi moja, ya sita, ambayo enzi hizo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Wazee wakauliza: mmewashinda akina nani? Packers wakapita, wale wawili wakaenda kulala. Na Packers hao walioingia kwa kuchungulia mlangoni walikwenda Philadelphia wakashinda, wakaenda Atlanta wakashinda, wakaenda Chicago wakashinda, halafu Februari 2011 wakawafunga Steelers 31-25 wakachukua Super Bowl, fainali ya ligi nzima. Bila kidato kile, hadithi hiyo haipo.

Msimu huo huo Seahawks waliingia kwa 7-9. Walipoteza mechi nyingi kuliko walizoshinda, lakini ndio waliokuwa vigogo wa kundi lao. Wakawa wenyeji wa Saints, mabingwa watetezi wenye 11-5, wakawafunga 41-36.

Hapo ndipo dada yangu anapokasirika, na ana haki. Januari 2025 Vikings wake walikwenda Detroit kwenye mechi ya mwisho, wao 14-2, Lions 14-2. Mshindi anakuwa namba moja na kupumzika. Atakayeshindwa anakuwa namba tano na kuanza safari za ugenini. Vikings walichapwa 31-9. Rekodi ya 14-3, na bado ni waildikadi! Wiki iliyofuata Rams wakawatoa 27-9. Nilimpigia dada, akapokea, hakusema kitu, nikasikia tu mtu anasonga ugali kwa nguvu.

Mwaka huo huo Lions wenyewe walipeleka pendekezo ligini kwamba timu zipangwe kwa rekodi, kiongozi wa kundi asiwe mwenyeji wa timu iliyomzidi kwa sababu tu kundi lake ni jepesi. Halikupata nguvu, wakaliondoa. Mimi ningelipitisha. Kiongozi wa kundi dhaifu aingie, sawa, kila kata ina fahali wake na watu wake wanataka kumwona. Lakini asikae kwenye kiti cha mgeni wa heshima.

Sasa nirudi kwenye Januari hii ya 2026, siku chache baada ya mpira wangu kuondoka kwapani.

Kundi linaitwa NFC South: Panthers, Buccaneers, Falcons, Saints. Msimu wote walikuwa wakisukumana kwenye tope. Jumamosi tarehe 3 Januari Panthers walisafiri kwenda kwa Buccaneers, saa sita u nusu usiku kwa saa zetu. Panthers wakishinda, kundi ni lao, mambo yameisha. Hawakushinda. Buccaneers 16, Panthers 14. Wote wawili sasa ni 8-9.

Wewe ungefikiri, kama mimi usiku ule, kwamba mshindi ni Buccaneers. Wamemfunga mwenzao juzi juzi, wanangoja nini tena? Polepole. Walikuwa wamekutana mara mbili, na Desemba Panthers walishinda 23-20. Kila mmoja ana ushindi mmoja. Wangeshuka kwenye ngazi, na huko chini Buccaneers ndio wangebaki juu. Lakini kulikuwa na Falcons. Falcons walikuwa wameshatoka kwenye mbio, hawana wanachotafuta, lakini wakiwafunga Saints Jumapili nao wanakuwa 8-9. Na timu zikiwa tatu, ngazi haishughuliki tena na wawili peke yao. Inaanza upya juu kabisa: katika mechi zenu nyinyi watatu, nani ameshinda nyingi?

Panthers walikuwa wamewafunga Falcons mara zote mbili. Ukijumlisha na ile moja moja ya Buccaneers, ni 3-1. Buccaneers na Falcons waligawana, kwa hiyo Buccaneers 2-2. Falcons 1-3. Kwa maneno mengine, Falcons wakishinda, wanamvisha taji mtu aliyewapiga mara mbili.

Nililazimika kumweleza mke wangu hili mara tatu. Mara ya tatu akasema, "Kwa hiyo ni kama urithi. Ndugu wawili wanagombana, mkubwa anakaribia kupata, halafu anatokea mtoto wa nje, naye hapati kitu, lakini kwa kutokea tu mgao umebadilika." Nikamwambia hiyo ndiyo maana halisi. Akaniuliza kama wanalipwa kwa kazi hii ya kuhesabu. Akaenda kulala.

Jumapili saa tatu usiku nilikuwa jikoni, kwa sababu jikoni ndipo mtandao unaposhika. Saa nne na kitu stima ikapotea. Simu ilikuwa na asilimia 14. Nikapunguza mwanga wa kioo mpaka wachezaji wakawa vivuli, nikawasha mshumaa, nikauweka kwenye kisosi karibu na kibuyu cha maziwa. Dada alikuwa kwa Vikings wake, ambao siku hiyo waliwafunga Packers, akinitumia sauti za sekunde tatu tatu. Falcons walikuwa wanaongoza, Saints wanasogea. Huko Tampa wachezaji wa Buccaneers walikuwa sebuleni mwao wanawashangilia Saints. Carolina nzima, kwao Panthers, ilikuwa na Falcons, jirani waliyemnyanyasa msimu mzima. Asilimia sita. Asilimia nne. Falcons 19, Saints 17, na saa imekwisha. Simu ikazima kabla sijamwandikia dada neno.

Panthers wakaingia mtoano kwa 8-9, wakiwa wenyeji wa Rams wenye 12-5. Vikings wa dada walimaliza 9-8, wakabaki nyumbani. Ujumbe wake niliusoma asubuhi baada ya stima kurudi. Sitauandika hapa kwa sababu mama yetu naye husoma blogu hii. (Rams walishinda, 34-31, na jasho liliwatoka.)

Jumatatu dukani wateja walikuwa wachache. Nikatoa daftari. Nikasema, ngoja niwapandishe bodaboda, sokoni na mtoni kwenye ngazi ya Wamarekani nione nani angekuwa halali. Mlipokutana? Kila mmoja ameshinda moja amepoteza moja. Rekodi ndani ya kundi? 2-1 wote. Wapinzani wa pamoja? Walimu, na kila mtu amewapiga. Nguvu ya ushindi? Kila mmoja amewashinda walimu na mmoja wa wenzake, sawa sawa. Ugumu wa ratiba? Yale yale. Nikashuka mpaka karibu na sakafu, kwenye yale yale ya mabao niliyokuwa nikiyakimbia.

Nilichukua muda kuona kosa langu. Ngazi yao ilitengenezwa kwa timu ambazo hazikupita njia moja. Vile vidato vyote vya kuuliza "ulicheza na nani" vipo kwa sababu mmoja amepangiwa mafahali na mwingine ndama. Kwenye kiwanja cha shule ya Khayega kila mtu amecheza na kila mtu. Tumelingana kwa njia, kwa hiyo mabao hayakwepeki. Swali ni mabao yapi.

Nikajaribu mabao ya watatu wale peke yao, walimu nikawaweka kando na mama mkwe wao. Sokoni wamefunga mawili wakafungwa moja. Mtoni wamefunga moja wakafungwa moja. Bodaboda wamefunga moja wakafungwa mawili. Sokoni!

Hapo nilifanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza: nilimpigia binamu kumweleza. Nilidhani atafurahi kwamba haki yake imeonekana. Alinyamaza kidogo akasema, "Kwa hiyo ulijua." Nikamwambia nimejua leo. Akasema, "Mbuzi ameshaliwa, wewe leo ndiyo unajua." Akakata.

Nimeandika kanuni mpya kwa ajili ya Desemba ijayo, ukurasa mzima. Kwanza matokeo kati ya timu zilizolingana. Pili tofauti ya mabao katika mechi hizo hizo. Tatu tofauti ya mabao ya kundi zima, lakini mechi moja haihesabiwi zaidi ya mabao manne, mengine ni ya kufurahisha macho. Liguru alitaka kadi za njano ziingie, nikamkumbusha Senegal mwaka 2018, waliotolewa Kombe la Dunia kwa kadi sita dhidi ya nne za Japani baada ya kulingana kwa kila kitu kingine. Tena kadi ya njano ya refa wetu ni kipande cha boksi la sabuni, na akishapigiwa kelele huwa anaisahau mfukoni. Mwisho kabisa, shilingi, na anayeirusha ni liguru mbele ya manahodha wote.

Karatasi niliibandika dukani, kando ya bei za chanjo ya kuku. Nahodha wa mtoni alipita Alhamisi kununua dawa ya kupe. Alisoma yote amesimama, midomo ikicheza, akalipa, akaenda. Jioni mtoto alileta mpira umefungwa kwenye gunia la mbolea, umepungua upepo lakini mzima.

Jana asubuhi nilipofungua nimekuta mtu ameandika chini ya ukurasa wangu kwa biki nyekundu: "Na zikilingana NNE?" Mwandiko naufahamu, ni wa mwalimu wa dini. Nilitaka kucheka, halafu nikakumbuka NFC South. Hebu hesabu mechi za ndani ya lile kundi. Panthers 3-3. Buccaneers 3-3. Falcons 3-3. Saints, ambao waliwapiga Panthers mara zote mbili, 3-3. Inawezekana kabisa. Nimeweka kiti nyuma ya kaunta na nimeanza kuchora.